BIDONI YA KUKAMATA MAFUTA KWENYE MOTERE YENYE TURBO: TUIWEKE AO TUIACHE?



Watumishi wengi leo wako na pikapu ao kamio ndogo ya mazuti yenye turbo. Nyingi ziliteremka kwenye bandari ya Dar es Salaam, zikapita Zambia, zikaingia kwetu kwa Kasumbalesa, na zilikuwa zimekwisha kufanya kazi miaka mingi katika inchi za mbali. Siku moja mwenye gari anafungua kapo. Anatoa tiyo ya mpira inayopeleka hewa kwenye turbo, anapitisha kidole ndani. Kidole kinatoka cheusi, kinang'aa mafuta. Roho inashtuka. Anakwenda kwa fundi wa mtaa, na fundi anamwambia: «Yaya, usiogope. Tutafunga bidoni ya kukamata mafuta, na jambo litakwisha.» Feza inatoka, bidoni inafungwa, mwenye gari anarudi nyumbani na furaha.

Je, jambo limekwisha kweli? Kwa gari zingine, ndiyo, kwa sehemu. Kwa gari zingine ni sawasawa na kufunga bandeji juu ya kidonda ambacho hakikuoshwa. Na kwa zingine bidoni yenyewe inaleta hatari ambayo haikuwako mbele. Soma polepole, na kama hauna gari, soma vilevile, maana siku ingine utapanda gari la mwenzako.

MAFUTA YALE YANATOKA WAPI?

Motere yote, hata ile mpya, inavuja kidogo kwa ndani. Mazuti yanapowaka juu ya pistoni, nguvu ya moto inasukuma pistoni chini. Gazi karibu yote inatoka kwa bomba la moshi. Lakini sehemu ndogo inapita kandokando ya segimenti, ni kusema zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, na inashuka mpaka katika karteri, mahali mafuta ya motere yanapokaa. Gazi hiyo ni ya moto sana. Iko na masizi, iko na mvuke wa maji, na inabeba matone madogo ya mafuta namna upepo wa mwezi wa nane unavyobeba vumbi.

Sasa fikiri: kama gazi haina njia ya kutoka, itafanya nini? Itajikusanya, na karteri itajaa nguvu. Mafuta yatajitafutia mlango: kwenye jointi, kwenye kijiti cha kupimia, popote palipo na ulegevu. Kwa sababu hiyo waliotengeneza motere waliipa tundu ya kupumulia, ile mafundi wanaita reniflari.

Kwenye makamio mengi ya zamani, reniflari ni tiyo tu inayoshuka chini ya motere na kutupa mvuke nje. Asubuhi unaona tone jeusi mahali kamio ililala. Kwenye gari za nyuma yake, mvuke ule haukutupwa tena: unarudishwa katika njia ya hewa, kati ya filtri na turbo, ili motere iuchome. Huko Marekani gari za essensi zilianza kufanya hivi katika miaka ya 1960, juu ya kupunguza hewa mbaya mijini, na gari za mazuti zikafuata kidogo kidogo.

Basi unaelewa kwa nini kidole kilitoka na mafuta. Kwa motere ya namna ile, mafuta membamba ndani ya tiyo, kama mtu aliyepaka ngozi, ni jambo la kawaida. Mafuta yanayotiririka, yanayojaza kikombe chini ya tiyo, hayo si ya kawaida.

TURBO INATAKA KUPUMZISHA MAFUTA YAKE

Turbo si kitu kipya. Mtu wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata haki ya uvumbuzi wake katika mwaka wa 1905. Moshi wa motere, mbele ya kutoka nje, unazungusha gurudumu moja. Gurudumu hilo limefungwa kwenye chuma kimoja na gurudumu lingine, ambalo linasukuma hewa ndani ya motere. Hewa nyingi, mazuti yanawaka vizuri, nguvu inaongezeka. Kwetu turbo iko na kazi zaidi, maana Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 na Kolwezi juu ya mita 1,400, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyembamba.

Turbo ya gari ndogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 katika dakika moja. Upande wa moshi chuma kinapita digri 500 ukipandisha mlima na mzigo. Kile kinachokinga turbo isife ni mafuta tu. Pompi inayasukuma ndani kwa nguvu. Lakini sikiliza hapa, maana ndipo siri yote iko: kutoka, mafuta hayasukumwi. Yanashuka kwa uzito wake mwenyewe, kwa tiyo moja, mpaka karteri.

Kama karteri imejaa nguvu ya gazi, mafuta ya turbo hayawezi kushuka. Yanasimama. Turbo inajaa, na mafuta yanatoka pande mbili: upande wa moshi, unaona moshi wa rangi ya majivu-buluu, upande wa hewa, yanaingia motere. Mwenye gari anasema: «Turbo imekufa.» Ananunua ingine. Miezi miwili, na hiyo imejaa mafuta. Turbo haikuwa mgonjwa. Reniflari ilikuwa imeziba, ao segimenti zilikuwa zimekwisha.

BIDONI INAFANYA KAZI GANI?

Bidoni ya kweli ni chombo chenye midomo miwili kilichofungwa vizuri. Mvuke wa reniflari unaingia kwa mdomo mmoja, unapita katika vibati ao kitambaa maalum ndani, matone yanagonga na kushuka chini, na gazi iliyobaki inatoka kwa mdomo wa pili kwenda kwenye njia ya hewa. Chini kuna kifuniko ao kirobine ya kumwagia.

Faida iko. Mafuta machache yanaingia turbo na radiatere ya hewa. Kwenye gari zenye valvu inayorudisha moshi ndani ya motere, masizi na mafuta vikikutana vinafanya lami nzito inayobana njia ya hewa. Bidoni inapunguza mafuta, basi lami inachelewa. Hii ni faida ya miaka, si ya siku moja. Hautasikia gari likikimbia zaidi, na mtu akikuambia litakula mazuti kidogo kuliko mbele, muulize alipima namna gani.

Lakini bidoni haiponyeshi kitu. Inakamata yale yanayotoka, haiulizi kwa nini yanatoka.

MFANO WA BABA MOJA

Tuchukue mfano wa baba mwenye pikapu ya mazuti ya miaka kumi na tano. Siku za kazi gari linalala. Siku ya posho na siku ya yenga mke wake anachukua makala na unga kwa kuuza. Baba anaona mafuta kwenye tiyo. Fundi wa mtaa anachukua kopo la maziwa ya unga, analitoboa, anachomea vipande viwili vya tiyo, anatia ndani sufu ya chuma, ile ya kuoshea sufuria, anafunga kila kitu kwa waya. Bei ni ndogo, kopo limepakwa rangi nyekundu, linapendeza.

Hakuna mtu aliyefungua filtri ya hewa. Kama wangeifungua, wangeona mpira wake wa pembeni umepasuka, maana kwa miaka mitatu walikuwa wanaipiga-piga juu ya gurudumu juu ya kutoa vumbi na kuipuliza na kompresere. Vumbi jekundu la wakati wa jua lilikuwa linapita. Vumbi hilo ni mchanga mwembamba unaokata chuma. Segimenti zilikuwa zinakwisha, gazi ilikuwa inazidi kushuka katika karteri, na mafuta yakazidi kutoka.

Miezi mitatu kopo halikufunguliwa. Likajaa. Siku moja, wakipandisha kilima na magunia nyuma, mama na mtoto pembeni, gari likalala upande katika kona, na mafuta yote ya kopo yakanyonywa kwa mara moja.

Motere ikaanza kulia peke yake. Baba akaondoa mguu: motere ikazidi. Akazima ufunguo: motere ikazidi. Nyuma, wingu jeupe likafunika barabara, wapitaji wakakimbia. Baba akafanya jambo moja la akili: hakukanyaga ambreyaji. Akaacha gari ndani ya vitesi ya juu, akakanyaga freni kwa nguvu zake zote, mpaka motere ikakosa nguvu na kufa. Mama akatoka na mtoto mgongoni. Watu wakapona. Motere haikupona. Walipofungua turbo walikuta nyuzi za sufu ya chuma kati ya mapanga yake.

MOTERE INAYOKIMBIA

Motere ya essensi ukikata umeme inazimika. Motere ya mazuti haina mshumaa. Inawasha mazuti kwa joto la hewa iliyobanwa. Inazimika kwa sababu umekata mazuti tu. Lakini kama chakula kingine kinaingia kwa njia ya hewa, mafuta ya motere ao gazi ya nje, itawaka vilevile, na ufunguo wako hauna kazi tena. Kadiri inavyokimbia, inanyonya zaidi. Kadiri inavyonyonya, inakimbia zaidi. Inakwisha mafuta yakikwisha, ao chuma kikivunjika. Na kama mafuta mengi yakiingia juu ya pistoni kwa mara moja, pistoni haiwezi kuyabana, maana maji na mafuta havibaniki kama hewa. Biela inapinda ao inatoboa ukuta wa motere.

Usifikiri ni hadisi ya garaji. Tarehe 23 Machi 1905 haikuwa, ni juzi tu: 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafishia petroli mjini Texas City, Marekani, petroli ilifurika kutoka kwenye bomba refu na mvuke wake ukatambaa chini. Pikapu ya mazuti ilikuwa imesimama karibu, motere ikiwaka bila mtu. Motere ikanyonya mvuke, ikaanza kukimbia. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba moto yamkini ulitoka kwenye gari hilo. Watu 15 walikufa na 180 waliumia. Pale hakukuwa bidoni; chakula kilitoka hewani. Lakini ugonjwa wa motere ulikuwa uleule, na tangu zamani mahali penye hatari ya gazi magari ya mazuti yanafungwa valvu ya kukata hewa.

Likikupata wewe? Ukiwa unatembea, na gari ni la vitesi za mkono, fanya kama yule baba: usikanyage ambreyaji, usitoe vitesi, pandisha vitesi ya juu kama unaweza kwa haraka, na freni mpaka ife. Gari likiwa limesimama na mbele hakuna mtu: freni ya mkono, mguu juu ya freni, vitesi ya juu, achia ambreyaji mara moja. Ikikataa, toka, ondoa watu wote, mbali na pande za motere, maana vipande vinaruka. Mwenye kizima-moto cha gazi ya kaboni anaweza kuipuliza ndani ya mdomo wa filtri ya hewa, kama mdomo huo unafikika bila kuinama juu ya motere. Mkono wako, kofia yako, kitambaa: hapana, kamwe. Turbo inanyonya kwa nguvu, na mapanga yake hayatofautishi kitambaa na kidole.

MBELE YA KUNUNUA, PIMA

Kwanza angalia kijiti cha mafuta asubuhi, gari likiwa mahali sawa. Mafuta yakipita alama ya juu, chuma kinachozunguka kinayapiga na kuyafanya povu, na povu linatoka kwa reniflari. Watu wengi wanaongeza mafuta «ili motere ishibe». Motere haishibi, inatapika. Toa yaliyozidi, tembea juma moja, angalia tena. Mara ingine ugonjwa wote ulikuwa huo.

Kisha filtri ya hewa. Ikiwa imejaa vumbi, turbo inanyonya kwa shida na inavuta mafuta kupita jointi yake. Ikiwa imepasuka, unajua sasa vumbi linafanya nini. Wakati wa jua, tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi, kwa barabara zetu za udongo, usingojee kilometa za kitabu cha Bulaya. Na usiipige juu ya gurudumu! Karatasi yake inapasuka mahali hauoni. Badilisha.

Kisha reniflari yenyewe na tiyo zake. Zitoe, zioshe, puliza kwa mdomo wa kompresere kwa nguvu ndogo. Kwenye motere zingine kuna kichujio ndani ya reniflari kinachohitaji kubadilishwa, na wenye gari wengi hawajui kama kiko.

Kisha pumzi ya karteri. Motere ikiwa na joto na inazunguka polepole, legeza kifuniko cha kutilia mafuta na kiache kimekaa juu ya tundu bila kukifunga. Kikitetemeka kidogo, vizuri. Kikirukaruka na moshi unasukuma nje, segimenti zimekwisha, ao turbo inapitisha. Hiki ni kipimo cha mtaani, hakitoshi kwa kuhukumu. Karaji yenye vyombo itapima kwa manometri na kulinganisha na kitabu cha motere hiyo. Jikinge macho na mikono, mafuta yanaweza kuruka. Mama, watoto wasikaribie wakati kapo iko wazi na motere inawaka.

JIBU SASA

Gari la kampuni: hauweki kitu. Hata kama ni wewe shofere wake wa miaka kumi. Kama unaona mafuta, andika kwenye karatasi ya gari na mwambie shefu wa karaji. Kitu kilichoongezwa bila ruhusa ya maandishi, likitokea jambo, kitaulizwa mikononi mwako.

Kamio ya zamani yenye reniflari inayotupa nje: bidoni haina faida kwa turbo, maana mvuke hauingii turbo. Unaweza kuweka chombo juu ya kutochafua uwanja, lakini hiyo ni usafi, si dawa ya motere.

Pikapu yako yenye turbo, motere nzima, kijiti sawa, filtri nzima, kifuniko hakiruki, reniflari inarudi ndani: ukipenda, weka. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini jiulize mbele: nitaimwaga? Kama wewe ni mtu wa kusahau, afazali usiweke. Bidoni iliyosahauliwa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu bila bidoni mafuta yanaingia kidogo kidogo na motere inayachoma; kwa bidoni iliyojaa yanaweza kuingia kwa kikombe kizima.

Motere iliyochoka, kifuniko kinaruka: hapana. Peleka feza ile kwenye segimenti. Najua ni nyingi. Najua pia kwamba gari lile ndilo linaleta unga nyumbani, na karaji itataka kulilaza juma mbili. Lakini bidoni kwa motere hiyo itajaa kwa siku chache, na kila siku utakayosahau ni siku ile ya kilima.

KUFUNGA NA KUTUNZA

Tiyo zote mbili ziwe na upana wa ndani sawa na wa reniflari, ao zaidi, na ziwe za mpira unaovumilia mafuta na joto. Tiyo ya maji ya bustani inalainika, inanyonywa, inajibana, na karteri inakosa pumzi. Tiyo zisipinde kwa ghafula, na zisiwe na bonde ambapo maji yatalala. Bidoni ikae mbali na turbo na bomba la moshi, ifungwe kwenye bati la gari na si juu ya motere inayotikisika. Mafuta ya motere yakipita karibu digri 200 yanatoa mvuke unaoweza kuwaka, na wewe unajua sasa turbo iko na digri ngapi. Kwa sababu hiyohiyo usikubali fundi aache mdomo mmoja wazi chini ya kapo.

Sufu ya chuma, kopo la maziwa, chupa ya plastiki: hapana.

Mwezi wa kwanza fungua kila kilometa 500. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300, basi ni chini ya kwenda na kurudi mara moja. Andika kwenye kitabu ulichokuta: kijiko kimoja, vijiko vitatu, nusu kikombe. Hapo ndipo bidoni inaleta faida ambayo wauzaji hawaisemi: inakuonyesha afya ya motere. Kama ilikuwa vijiko viwili kila mara na leo ni kikombe, kuna kitu kimebadilika ndani, na karaji iitwe mbele ya safari, si nyuma. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa baridi, utakuta maji yaliyochanganyika na mafuta kama chai ya maziwa. Usishtuke, ni mvuke wa maji uliopoa, zaidi sana kwa gari linalofanya safari fupi. Lakini ukikuta hivyo wakati wa joto, na maji ya radiatere yanapungua, hiyo ni habari ingine: muone fundi siku hiyohiyo.

Mwaga motere ikiwa imezimwa na imepoa.

NGOZI, MAPAFU, NA NYUMBA

Yaliyomo katika bidoni si mafuta safi. Ni mafuta yaliyopita motoni, yenye masizi na asidi. Mafuta ya motere yaliyotumika yakishika ngozi kila siku kwa miaka yanaleta vipele, nyufa, na hatari ya kansere ya ngozi. Vaa glavu. Usitie kitambaa cha mafuta katika mfuko wa salopeti, kikakaa juu ya paja tangu asubuhi mpaka mangaribi. Mafundi wengi wana tabia hiyo. Na usioshe mikono kwa essensi ao mazuti: inatoa mafuta meusi na inatoa pia mafuta ya ngozi yako, na sumu inapita vizuri zaidi. Sabuni na maji, hata kama inachukua dakika tano.

Moshi wa motere ya mazuti nao, katika mwezi wa sita wa mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansere la Umoja wa Mataifa, lenye kiti chake Lyon, Ufaransa, liliuweka katika kundi la vitu vinavyoleta kansere kwa mtu bila shaka. Basi ukipima kifuniko ao ukitafuta moshi wa turbo, toa gari nje ya karaji, simama upande upepo unapotoka.

Mama, salopeti ya baba iliyolowa mafuta isioshwe katika beseni moja na nepi za mtoto. Na bidoni iliyobeba mafuta ya motere haisafishiki: isirudi jikoni kuchotea maji wala kutilia mafuta ya ngazi, hata ikioshwa mara saba. Andika juu yake MOTERE kwa rangi, uifungie mahali mtoto hafiki. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mafuta yakiingia mapafuni ndipo yanamaliza. Mpeleke lupitali mara moja, na uende na bidoni ili munganga aone alichokunywa.

Na yale unayoyamwaga? Si katika mufereji, si kandokando ya kisima, si juu ya makala kwa kuwashia moto wa bukari. Yatie katika bidoni ingine yenye kifuniko, na ikijaa uipeleke mahali karaji yako inapokusanyia mafuta ya vidanji.